Mama anayefasiri midahalo Bulengera: "Adversaire si adui"

Misa ya pili imekwisha, na mabenchi ya ukumbi wa video wa Kamate, hapa Bulengera mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, yamejaa hadi mlangoni. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta wa mbao. Mbele, kando ya televisheni, Jokébed Kanyere anapuliza kipaza sauti na kukaza kitenge chake kiunoni.

"Munanisikia kule nyuma?"

"Tunakusikia, Mama Emérence! Anza, tuko na njaa ya maneno!"

Siku za kawaida mama huyu hufasiri filamu. Tangu kampeni za mwaka huu wa 2006 zianze, Jumapili hufasiri midahalo ya wagombea ubunge wa Butembo. Wagombea wanabishana kwa Kifaransa. Yeye anawapa watu Kiswahili papo hapo, bila nafasi ya kumeza mate.

Aliishia shule ya msingi. Kifaransa alikiokota jikoni kwa masista, alikokuwa mpishi.

"Masista banagombana juu ya chumvi, mimi niko nasikiliza tu," anasema na kucheka. "Mungu abalipe. Ile chumvi yabo njo inalisha batoto yangu."

Kwa kila mdahalo Kamate humpa faranga mia tano. Si nyingi, lakini unga unapatikana.

Leo kwenye kioo wako wawili: Maître Blaise, mwanasheria, na Zorobabel, mfanyabiashara wa kahawa. Wamebishana kuhusu barabara, wamebishana kuhusu kodi. Kisha Maître anatabasamu na kumtania mwenzake, ambaye siku hizi hashindi dukani ila sokoni, akisalimia wauza maharagwe mmoja mmoja.

"Mon adversaire," anasema, "vous le voyez chaque jour au marché."

Jokébed anafasiri mbio mbio: "Adui yangu, munamuona kila siku mu soko."

Ukumbini vichwa vinageuka.

Hapa kwetu neno adui halikuja na siasa. Lilikuja na bunduki. Miaka ya vita, watu wenye silaha walisimama barabarani wakiuliza, "Adui amepita wapi?" Ukijibu umekosa, usipojibu umekosa. Mume wa Jokébed, Jacob, aliulizwa hivyo mwaka 2002 akitoka shambani upande wa Mbau. Hakurudi nyumbani.

"Adui iko mu soko?" sauti inauliza gizani. "Na batu yake beko wapi?"

"Huyu hapa! Angalia tricot yake!"

Kijana mmoja, Jéthro, amekwisha kumshika ukosi msichana wa benchi la tatu. Fulana ya msichana ina picha ya Zorobabel. Wengine wanasimama, benchi linaanguka. Jokébed ananyoosha shingo aone ni nani. Ni Emérence, bintiye wa kwanza.

Kamate anaruka mabenchi mawili na kuuweka mwili wake mkubwa katikati. Lakini watu ni wengi, na ukumbi una mlango mmoja.

"Mungojee!" Jokébed anapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Ni mimi nilisema mubaya! Adversaire si adui! Adversaire ni... ni..." Neno "mpinzani" linamkimbia. Anamtazama mwanawe, anatazama ule mkono shingoni. "Ni mukemwenza!"

Mzee mmoja anaguna.

"Maître Blaise iko na mukemwenza?"

"Eeh, baba! Zorobabel njo mukemwenza yake!"

"Sasa bwana yabo ni nani?"

"Bwana njo sisi!" anajibu mama mmoja kutoka nyuma. "Tunangojea kuona nani anapika muzuri!"

Ukumbi unapasuka kwa kicheko. Jéthro mwenyewe anacheka, mkono unalegea, ukosi unaachiliwa. Kwenye kioo, wakati huohuo, Zorobabel anammiminia Maître maji kwenye bilauri.

"Muone!" Jokébed anasema, akionyesha kioo. "Bale banabishana na kinywa, kisha banakunywa maji pamoja. Sisi tunataka kuuana juu yabo?"

Siku ya pili yake tunamkuta uani kwake. Kinywani mwake mna asante tu: kwa Kamate, kwa yule mama wa nyuma, hata kwa Jéthro, aliyekuja asubuhi kuomba radhi akiwa na mkungu wa ndizi.

"Ninashukuru pia kwa mabishano yenyewe," anasema. "Zamani walibishana kwa risasi. Lakini wazazi wenzangu, tuangalie. Neno likitoka mu televisheni, ni mudogo. Likifika mu benchi, lina mikono."

Wiki hii atapanda gari kwenda Beni, ambako wako wengine wanaofasiri midahalo kwenye kumbi za video. Anataka wakubaliane neno moja la kufasiri adversaire kabla ya kura ya mwisho wa Julai, na neno lile la vita waliache kabisa. Nauli ni zawadi ya Kamate.

Na kura? Itakuwa ya kwanza maishani mwake. Yeye anampenda Maître. Emérence hasikii lolote zaidi ya Zorobabel, na tangu jana wamekwisha kubishana mara tatu wakichambua sombe, majani ya muhogo.

"Tutaenda pamoja," anasema. "Yeye wake, mimi wangu. Tukitoka, tutarudi kupika bugali, na tutakula mu sahani moja."