Buibui wa Kambi ya Karafuu

Msimu wa karafuu wa mwaka 1961, Bi Mwanapili wa Wingwi alipiga kambi shambani pamoja na jirani yake wa miaka mingi, Bi Mwanamize. Kibanda kilikuwa kimoja, lakini uchaguzi ulikuwa umewatenga. Kila mmoja alikuwa na chama chake, basi Mwanamize akatundika kanga katikati na salamu zikakoma.

Asubuhi moja Mwanapili alipokuwa akikunja jamvi lake, buibui mwenye manyoya, mpana kama kiganja, alichomoka akapita chini ya kanga. Upande wa pili alilala mtoto mchanga wa Mwanamize. Mwanapili alivuka mbio, akamkamata buibui shingoni mwa mtoto kwa mkono mtupu. Aliumwa, lakini hakumwachia mpaka nje.

Mwanamize alirudi kutoka kisimani akamkuta mlangoni, kanga imesukumwa kando.

"Umefuata nini kwangu?"

"Buibui, mwenzangu. Alikuwa juu ya mwanao."

"Mwanangu usimguse tena. Nani ajuaye kama si wewe uliyemtia huyo buibui?"

 Kwa mkono ule uliovimba Mwanapili hakuweza kuchuma, akajitwika jamvi akarudi Wingwi kwa miguu. Mtoto yule alikua, akaoa. Mwanapili hakualikwa harusini.