Ukuta Niliouunda Kama Boti

Jumamosi, tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri hadi saa nne, kisha jua kali, na ardhi yote ikaanza kutoa mvuke. Upepo wa ziwa haujavuma kabisa.

Asubuhi binti yangu Achieng' amenipigia simu kutoka Nyalenda. Amenunua shiti za plaiwudi na kukatiwa vipande virefu vya inchi sita, na anataka kuvipanga ukutani sebuleni kwake, kimoja juu ya kingine, kama zile nyumba za mbao anazoona kwa simu. Plaiwudi ni rahisi kuliko mbao yenyewe, na ukishaipaka rangi nyeupe mgeni hatajua tofauti. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, nivibane kabisa ama niache nafasi?"

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Nimeshindwa, kwa sababu jibu hilo mimi nililipata kwa aibu, na sijui kama jibu bila ile aibu lingemkaa. Kwa hiyo naandika hapa. Yeye asome, na wewe mwanangu ambaye sikujui, usome pia. Mimi si mtu wa kalamu, niliishia darasa la saba. Nikikosea mahali, nivumilie.

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, na ni zaidi ya miaka thelathini sasa. Lakini nianze nyuma yake kidogo.

Baba yangu alikuwa fundi wa maboti kule Luanda Kotieno, kando ya ziwa, na ndiye aliyenifundisha msumeno na randa. Kwa boti sheria ni moja: maji yasipate mlango. Ubao unabanwa na mwenzake mpaka wembe usipite. Palipobaki ufa, unashindilia pamba kwa patasi na nyundo, halafu unapigilia bati juu yake. Baba alikuwa akipitisha ukucha kwenye kila kiungo. Ukucha ukinasa, kazi inarudiwa. Nilimwona siku moja akibomoa kazi ya siku mbili kwa sababu ya ukucha kunasa, na hakuna mtu aliyekuwa amemlalamikia. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu.

Nilipofika miaka ishirini na mbili nikaja Kisumu kujitafutia. Kazi yangu ya kwanza ya ndani ya nyumba nilipewa na Mama Wambui, mjane mwenye asili ya Murang'a, aliyekuwa akiuza viazi na kabichi soko la Kibuye. Alikuwa na nyumba yake ya matofali pale Manyatta. Msichana wake Wambui alikuwa ameposwa, na wageni wa upande wa kijana walikuwa waje na mahari baada ya wiki tatu. Ukuta wa sebule ulikuwa na unyevu, plasta imechubuka kama ngozi ya mgonjwa. Sasa huyu mama alikuwa amepeleka viazi kwa nyumba moja kubwa ya Milimani, mtaa wa matajiri, akaona huko ukuta wa mbao zilizopangwa kwa mistari, akarudi hana usingizi. Mbao za namna ile hakuziweza. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, nitakukatia plaiwudi vipande, hakuna atakayejua." Wazo lenyewe, nadhani naweza kusema bila kujisifu, halikuwa baya.

Aliyepinga ni Mzee Kariuki, ndugu wa marehemu mume wake. Alikuwa seremala tangu ujana, lakini mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, hashiki tena nyundo. Ndiye pia angekuwa msemaji wa ukoo siku ya wageni.

"Huyu ni mtu wa maboti," alimwambia shemeji yake, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. "Ukuta si boti."

"Kariuki, wacha kijana. Hata wewe ulianzia mahali."

"Mimi nilianzia kwa banda la ng'ombe. Huyu anaanzia kwa sebule ya wakwe."

"Basi ng'ombe walikuwa na bahati," Mama Wambui akasema, na kazi nikapewa. Uelewe basi, mwanangu, kwamba ukuta ule ukiharibika, si mimi peke yangu ningeaibika. Yeye aliweka jina lake mbele yangu, kwa wakwe zake wapya na kwa shemeji yake.

Nilifanya kazi siku nne, kwa roho yangu yote. Nilipigilia vipande moja kwa moja kwenye ukuta, kutoka sakafuni hadi darini. Nikavibana. Nikapitisha ukucha. Na pale ukucha uliponasa, nikafanya kile mikono yangu ilichojua: nikashindilia pamba. Nikapaka rangi nyeupe juu. Mama Wambui alipoingia alipiga makofi. "Odongo, hii ni Milimani yenyewe!" Majirani wakaja kutazama, wengine wakitaka kugusa, naye akiwazuia kwa sababu rangi haijakauka.

Kisha mvua za masika zikashuka.

Siku ya tano ya mvua kipande kimoja karibu na sakafu kilitokeza tumbo. Siku ya saba vilikuwa vingi. Misumari iliruka kwa sauti, ta! ta!, hata watu wakiwa mezani. Mama mmoja jirani, muuza chapati, alichungulia mlangoni akauliza, "Mama Wambui, huu ukuta wako una mimba ya miezi mingapi?" Kila mtu alicheka isipokuwa mwenye nyumba. Wageni walikuwa wamebakiza siku tisa.

Niliitwa asubuhi moja. Na hapa ndipo napata taabu kuandika, lakini nikiacha nitakuwa nimedanganya. Kabla ya kufika kwake nilipitia kwa duka la vifaa vya ujenzi tulikonunua plaiwudi, nikampigia mwenye duka kelele mbele ya wateja. Nilimwita mwizi. Nilisema anauzia wajane takataka. Nilikuwa naamini? Nimejiuliza miaka yote hii. Nafikiri nusu yangu iliamini, na nusu nyingine ilijua na ikapaza sauti zaidi. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kwa Mama Wambui nikarudia maneno yale yale. "Ni plaiwudi mbovu, Mama. Na nimekwisha kumwambia yule mtu ukweli wake."

Mzee Kariuki alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni. Aliinuka polepole, akaenda stoo, akarudi na kipande kimoja kilichosalia, akakilaza juu ya meza. Kilikuwa kimenyooka kama siku kilipokatwa.

"Hii ilitoka kwa shiti gani?"

"Ile ile, Mzee."

"Na stoo kuna hewa ingine? Ama mvua haikujua njia ya stoo?"

Akaenda ukutani, akapapasa kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akachokoa ufa mmoja kwa ncha ya kisu. Akavuta. Ikatoka pamba, ndefu, nyeupe, kama mtu anayevuta uzi kwenye godoro.

"Hii nini?"

"Pamba."

"Ya nini?"

"Ya kuzuia maji, Mzee."

Aliitazama ile pamba, akanitazama mimi. "Wewe kijana. Umeunda boti ukaisimamisha kwa nyumba ya mjane. Sasa tuambie, hapa tunavua mbuta ama ngege?"

Hata Mama Wambui alicheka, na machozi yakiwa karibu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Lakini mzee yule hakuwa na ukali wa kupoteza bure. Alikaa, akanieleza kwa sauti ya chini. Boti inalala majini, alisema. Ubao ukifura unazidi kumbana mwenzake, na huo ndio uzuri wake. Ukuta unalala hewani. Leo mvua, kesho jua. Ubao unavuta pumzi na kuishusha, na usipouachia nafasi, utaitafuta wenyewe, na utaitafuta kwa kuja mbele. "Baba yako hakukufundisha vibaya," alisema. "Ni wewe ulibeba kazi ya majini ukaileta nchi kavu bila kuuliza. Hiyo ni kutojua, na kutojua mimi sikuulizi." Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. "Nakuuliza jina la yule mtu wa duka. Umelivunja. Hutagusa nyundo hapa mpaka urudi kwake, na useme mbele ya wateja. Usimwite pembeni."

Nikaenda. Nilizunguka safu nzima ya maduka mara mbili kabla ya kuingia. Nikasema: plaiwudi yako haina kosa, kosa ni langu, nisamehe. Wateja watatu wanne walisikia. Mwenye duka alikuwa akipima misumari. Alimaliza kupima kwanza.

"Nimesikia," alisema. "Nimekusamehe. Lakini wateja wa asubuhi si hawa."

Alisema kweli tupu: wale walionisikia nikimwita mwizi walikuwa wamekwisha kwenda na maneno yangu makwao, mmoja labda Port Victoria, mwingine wapi sijui, na mimi singeweza kuwafuata mmoja mmoja.

Nikarudi Manyatta, tukaanza upya. Mzee Kariuki juu ya kiti, mimi juu ya ngazi. Achieng', jibu lako liko hapa, soma taratibu. Kwanza alinifanya nisimamishe ukutani fito za mbao, ili hewa ipite nyuma ya plaiwudi na unyevu wa matofali usiiguse. Kila kipande nilikipaka rangi mbele, nyuma na pembeni pale kilipokatwa na msumeno, maana hapo ndipo kinapokunywa maji. Kipande cha kwanza nilikilaza kwa pima maji, kwa sababu kikipinda hicho, vyote vinapinda. Na kati ya kimoja na kingine alinipa sarafu ya shilingi moja. Unaisimamisha katikati, unapigilia, unaivuta, unasogea. Sakafuni nikaacha nafasi ya kidole, ili maji ya kupiga deki yasipande. Mara mbili mkono wangu ulijisahau ukabana, na mara mbili alikohoa tu, nikang'oa. Ile mistari myembamba ya kivuli, ambayo mimi ningeiita ufa, ndiyo iliyoupa ukuta ule sura ya Milimani.

Tulimaliza siku moja kabla ya wageni.

Siku yenyewe sebule ilijaa. Nilikuwa nimesimama nje na wapishi wakati mzee mmoja wa upande wa pili aliposifu ukuta na kuuliza fundi ni nani. Nikamsikia Mzee Kariuki akiniita ndani. Nikaingia. Nilijua hadithi ya boti ilikuwa tamu, na msemaji yeyote angeitumia kuchekesha wakwe.

"Huyu hapa," alisema. "Kijana wetu kutoka Luanda Kotieno. Baba yake ni fundi mkubwa, na huyu anafuata."

Hakutaja boti. Wala pamba. Mama Wambui aliangalia chini akitabasamu. Mimi nimekuwa na nafasi nyingi za kuchekesha watu kwa makosa ya vijana niliowafundisha, na sitasema kwamba nimenyamaza kila mara kama yeye. Najaribu. Kazi za Kisumu nilizopata baada ya hapo, nyingi zilianzia kwenye sentensi ile.

Sasa nasaha, mwanangu, na uichukue kwa kadiri inavyokufaa, maana anayekupa ameikosea mwenyewe. Ujuzi wa mzazi wako ni mali, lakini uulize kwanza utasimama wapi. Kuuliza hakumvunjii baba yako heshima. Na kazi ikiharibika mkononi mwako, nenda stoo kwanza ukatazame kipande kilichobaki, kabla hujafungua mdomo juu ya mtu. Ubao uliofura unang'olewa na kupigiliwa upya. Jina la mtu ukilivunja mbele ya wengi, utaomba msamaha kwa wale utakaowakuta tu. Na wewe ukijua kosa la mwenzako ambalo amekwisha kulirekebisha, limeze.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi na ulimi mzito wa lawama. Akujalie mtu wa kukukoholea kwa upole unapokosea, na akuzeeshe uwe mtu huyo kwa wengine.

Jioni tumekula ugali wa mtama, dagaa wa omena kwa nyanya na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa.