Nilimwonyesha mwanangu shamba la pareto nikamwambia ndiyo Kitulo

Nimekosa mimi. Naanza na hilo mapema, usije ukadhani nimekuja hapa kupatana. Kosa langu halina punguzo, nimeshajaribu.

Nauza mitumba Makambako. Kazi yangu ni mdomo. Koti limetoboka kwapani, nakuambia ni la kupitisha hewa, na unaondoka unacheka. Ubaya ni kwamba mdomo huohuo niliupeleka nyumbani, kwa binti yangu wa pekee, Tumaini, wa darasa la tano.

Nilikuwa nimemwahidi hifadhi ya Kitulo, akaone maua. Nikaahirisha likizo ya kwanza, nikaahirisha ya pili. Desemba akaniwekea daftari mezani. Juu ameandika SAFARI YETU, chini mambo matatu: mahali pa historia, maporomoko ya maji, Kitulo.

"Baba, weka saini hapa."

Nikasaini! Mtoto ananijua.

Sasa, wiki ya kuelekea Krismasi ndiyo wiki ya mitumba. Mzigo wangu ulikuwa unafunguliwa keshokutwa ya siku ya kuondoka, asubuhi. Nikahesabu siku, nikazihesabu tena. Kitulo haikuingia. Badala ya kumwambia ukweli, nikaikata safari kama ninavyokata suruali ndefu, nikijua mshono hautaonekana.

Tukaazima gari kwa shemeji yangu anayeishi mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, tukaondoka watatu. Mke wangu ni Mgogo, na Tumaini amekulia mjini. Kibena, lugha yangu ya kuzaliwa, hawakijui wote wawili. Shika hilo.

Mahali pa historia nilipapata Mdandu, kijijini nilikozaliwa. Kuna jiwe pale njiani, lina mifereji mifereji. Nikaegesha gari, nikashusha sauti kama mchungaji anayesoma matangazo ya msiba.

"Hapa mashujaa wa Maji Maji walinoa mikuki kabla ya kumkabili Mjerumani."

Tumaini akapiga magoti. Akaingiza kidole kwenye kila mfereji. "Kumi na saba, baba. Nimehesabu mara mbili."

Mara mbili! Damu yangu ile.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Tumaini, una uhakika?"

"Mimi ni mtu wa hapa, au wewe?"

Akarudi garini.

Maporomoko ya Njombe mjini yalikuwa ya kweli, hayo sikuyagusa. Tukalala kwa shemeji. Asubuhi tukashika barabara ya Makete, ndiyo ya kuelekea Kitulo, ukungu umetanda, mtoto amebandika pua kwenye kioo. Hata saa moja haijaisha nikaona upande wa kushoto shamba la pareto, limechanua jeupe tupu mpaka linapoingia kwenye ukungu. Nikakanyaga breki.

"Tumefika!"

Ningekuwa na haya, ningeishia hapo. Mwenye shamba akatokea, bibi mmoja na jembe begani. Akanisalimu, "Kamwene," kisha akaniuliza kwa Kibena kama tumekuja kununua pareto. Nikamjibu kwa Kibena, mama, mwache mtoto achume mawili matatu. Akacheka, akakubali.

"Amesemaje, baba?"

"Amesema karibuni sana Kitulo."

Tumaini akamwamkia yule bibi kwa magoti yote mawili. Akachuma maua manne, akayabana katikati ya daftari. Njia nzima ya kurudi anaimba. Jioni tukawa Makambako, na asubuhi nikawahi mzigo wangu.

Januari shule ikafunguliwa. Mwalimu akaomba wanafunzi wasimulie likizo zao. Mwanangu akasimama na daftari lake. Akaeleza kwamba mlinzi wa hifadhi ya Kitulo ni bibi mwenye jembe. Akanyanyua ua. Mtoto mmoja wa nyuma akapiga kelele, "We! Hiyo si pareto? Babu yangu anaianika bati zima!"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Akang'ang'ana na jiwe lake la mashujaa. Mwalimu, kumbe mzaliwa wa Mdandu, akamwambia kwa upole tu, "Tumaini, pale tunanoa majembe. Mama yangu ananoa hapo mpaka leo."

Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Bibi Hifadhi.

Alirudi nyumbani hakulia. Afadhali angelia. Alisimama mlangoni na sare yake, akaniuliza swali moja.

"Yule bibi alisema nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, kama mteja aliyeliona tundu akiwa ameshafika kwake.

Sasa nikimwambia mama yako yuko kwaya, anakwenda kumuuliza jirani. Nikimwambia maporomoko yale yalikuwa ya kweli, anasema, "Sawa, baba," lakini nimeona daftarini ameyakata kwa mstari.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Kwenye ile mifereji kumi na saba, mmoja mwembamba ulio ukingoni ni wangu! Niliuchimba mimi, nina umri kama wake, nikinoa kijembe changu pembeni ya marehemu mama yangu. Historia ilikuwepo, na ilikuwa ya kwake kabisa. Nikaiacha pale, nikamuuzia mikuki ya bandia.

Juzi nikajikaza, nikamsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Aliyekuona ukinoa ni nani?"

"Bibi yako."

"Bibi si alishakufa?"

Akaenda zake kuosha vyombo.

Nimemwambia Desemba tunakwenda Kitulo yenyewe, soko liwake lisiwake. Hakuleta daftari nisaini.

Wewe mzazi, kama siku hazitoshi, mwambie mtoto hazitoshi. Atanuna, ataweka mdomo mbele, kesho atakula ugali wake. Usimfanyie kama mimi! Ningetoa soko zima ili anisadiki kuhusu ule mfereji mmoja mwembamba, na shahidi wangu yuko kaburini Mdandu.