Nyumba Niliyomchagulia Mama

Nianze kwa kusema wazi: nyumba niliichagua mimi. Mama hakuchagua. Watu wakinionea huruma siku hizi husema, "Kazi ndiyo iliyowapeleka kule," kana kwamba barua ya ajira ilitaja hata geti la kukaa nyuma yake. Barua ilisema Mafia, mpima ardhi, ripoti ndani ya siku kumi na nne. Basi. Mengine yote ni yangu.

Mama nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Tulikuwa wawili tu duniani, na alikuwa na presha, ile ya vidonge asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja. Dar es Salaam tulipanga mtaa ambao mchana watu wote wako makazini na nyumba zinabaki na wazee. Siku moja, jua la saa sita, vijana wawili walibisha hodi kwa adabu kabisa. Mama akafungua, maana kwetu Singida mtu akibisha anafunguliwa. Walimsukuma akaangukia stuli, wakabeba televisheni na simu. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti anapangusa damu yake mwenyewe sakafuni, eti nisije nikaiona.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa makufuli. Nilikuwa naamka kwenda kutikisa mlango nilioufunga kwa mkono wangu. Na Mama nikamwekea sheria moja, nikamkaririsha kama mtoto wa darasa la kwanza: nisipokuwepo usimfungulie mtu, wala usiitike. Ukiitika wanajua uko peke yako.

Tulishuka Kilindoni, bandari ya kisiwa cha Mafia, na boti ya kutoka Nyamisati, Mama ametapika njia nzima na bado anacheka. Mwenzangu wa ofisini, mzaliwa wa kisiwani, alikuwa ameshatutafutia nyumba mbili tuzitazame.

Ya kwanza ilikuwa vyumba viwili ndani ya nyumba ya mjane mmoja, rika la Mama, mshona mikeka. Uani palikuwa na kisima, jiko la makuti, na wanawake watatu wamenyoosha miguu wanasuka ukili na kutaniana. Mlango wa mbele wazi, wa nyuma wazi, kuku anaingia huku anatokea kule. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba na watu wanne kwa mpigo. Kisha nikauliza mlango unafungwa na nini.

Mjane akacheka mpaka akaweka ukili chini. "Kufuli ya nini, mwanangu? Kufuli mimi hapa. Nitoke niende wapi?"

Mama naye akacheka. Wakati mimi natazama komeo la mti, wale wawili walishaanza kuulizana goti gani linauma zaidi wakati wa mvua.

Ya pili ilikuwa ng'ambo ya uchochoro huohuo, hatua ishirini. Ukuta mrefu kunizidi, vipande vya chupa vimesimikwa juu yake, geti la chuma, madirisha yote nondo. Mwenyewe alikuwa Dar, alijenga akaiacha. Ndani palikuwa na ubaridi wa saruji, na nilipozungumza sauti yangu ikanirudia. Nikaipenda palepale. Mwenzangu alibaki amesimama getini.

"Nzuri," alisema, "ila nyumba hii haina jirani, bwana."

"Si yule mama pale?"

"Yupo. Lakini ukishaingia humu hayupo." Akakwaruza kutu ya geti kwa kucha. "Aliyekuwemo kabla yako alikaa miezi mitatu, akaondoka."

"Kwa nini?"

"Hatujui. Hatukuwahi kumsikia."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nikalisikia kwa namna yangu: hakuwahi kusumbuliwa! Mama akasema polepole, "Mimi ningekaa kwa yule mwenzangu." Nikamwambia ile si nyumba, ile ni njia ya watu. Hakubishana nami. Alishazoea kuniachia, tangu siku ya damu ile, maana aliona jinsi nilivyoogopa kuliko yeye.

Utaratibu niliupanga mimi vilevile. Asubuhi nikitoka, Mama anafunga kufuli kwa ndani na kubaki na funguo. Funguo ilikuwa moja tu, kwa kusudi, ili mtu asije akaniibia njiani akaja kumfungulia. Nilijiona mjanja kweli. Jumapili tulikwenda kanisani pamoja, tukarudi pamoja. Siku nyingine sita Mama alikaa ndani ya ukuta.

Wiki ya kwanza haijaisha, nikakuta sahani nje ya geti, imefunikwa kawa. Nikainua kile kifuniko cha ukili: mihogo ya nazi na kipande cha samaki, changu. Hapakuwa na mtu. Sasa, kabla sijaondoka Dar, kila aliyesikia naenda Mafia alikuwa na la kunionya: usile ovyo kule, kuna watu wa kuloga kule, utakuja kutuambia. Nami, msomi mzima na digrii yangu, nikaimwaga mihogo kwenye shimo la taka na kufukia. Sahani nikaiosha, nikaiweka kwenye baraza la mjane, tupu kabisa.

Kesho kutwa yake ikaja nyingine. Nikafukia tena. Mama akaniangalia tu. "Hicho ni chakula, baba," alisema. "Hicho ni chakula tu."

"Mtu asiyekujua anakulisha ya nini?"

Halafu zikaanza hodi. Au tuseme nilianza kuzisikia, maana zilikuwepo tangu mwanzo, mimi niko kazini. Jumamosi moja nimekaa na Mama sebuleni, tukasikia getini, "Hodi!" Sauti ya mwanamke, si ya juu, si ya chini. Mama akageuka kunitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Kimya. "Hodi!" Mama alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili, amejiinua kidogo. Kimya kirefu zaidi. "Hodi wenyewe!" Kisha kandambili zikaondoka mchangani, taratibu, na baada ya hapo hata sauti ya kuku sikuisikia.

"Huwa wanakuja kila siku?" nikauliza.

"Kila siku. Saa nne hivi."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Tatu tu, hawazidishi."

Tatu tu, kila siku, saa ileile, kisha wanaondoka! Mtu mwenye shida hubisha mpaka ageuke kero, au huita jina, au hugonga kwa jiwe. Hawa walikuwa wanapima. Walikuwa wanataka kujua nyumba inakaa tupu saa ngapi. Ndivyo nilivyojiambia, na nikasikia fahari kwamba nimewang'amua. Jumatatu nikaongeza kufuli ya pili, nayo funguo yake akabaki nayo Mama.

Mama alianza kupungua. Si mwili, maneno. Nikirudi jioni, badala ya habari zake alinipa habari za upande wa pili wa ukuta. Leo walikuwa wanatwanga. Leo kuna mtoto amechapwa, halafu amebembelezwa. Leo wameimba, nadhani kuna harusi. Siku moja nikiwa nakula aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, "Na nikiitika tu? Nisifungue. Niseme tu, 'Nipo, ahsanteni.'"

Nilimkatalia. Si kumkatalia tu, nilimfokea. Nilimwambia akitaka kuuawa aseme, nijue moja. Mungu anisamehe, niliyasema maneno hayo kwa mama yangu, kijiko mkononi.

Alisema, "Haya, baba." Akaniondolea sahani.

Siku yenyewe nilikuwa na kazi Bweni, kupima viwanja, mimi na yule mwenzangu kwa pikipiki. Bweni ni mwisho wa kisiwa, na barabara yake inaijua mifupa yako yote kwa jina. Tuliondoka alfajiri. Mama alisema kichwa kinamgonga. Nikamwuliza kama amemeza kidonge, akasema amemeza, nikamwambia alale, nikasubiri nje mpaka niliposikia kufuli zote mbili zimelia. Nilikwenda nikiwa na amani.

Saa saba nikapata mtandao wa kubahatisha, nikapiga simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Saa nane vilevile. Mwenzangu akaniambia, "Mpigie jirani akaangalie." Nikafungua simu, na hapo ndipo nilipoona mwenyewe. Nilikuwa na namba ya kinyozi wa Dar. Nilikuwa na namba ya dalali aliyenidhulumu mwaka juzi. Ya mtu wa hatua ishirini kutoka mlangoni kwa mama yangu, sikuwa nayo. Hata jina lake sikulijua.

"Twende," nikamwambia. Tukaacha nusu ya bikoni, zile alama za mipaka, hazijasimikwa. Njiani nilikuwa naomba Mungu simu iwe imeisha chaji, simu iwe imeibiwa, chochote kinachohusu simu.

Tulifika adhana ya magharibi inaadhiniwa. Getini palikuwa na sahani imefunikwa kawa, na siafu wamepanga mstari kuiendea. Nikaita, "Mama!" Geti halikutikisika. Kufuli ziko ndani, funguo ziko ndani, zote nilizinunua mimi. Nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka, nikarukia ukuta, chupa zikanichana viganja, nikaanguka nikarukia tena. Jamani, wale watu! Sijui walitokea wapi. Kabla sijaanguka mara ya tatu uchochoro ulikuwa umejaa: mjane, wale wanawake wa ukili, wanaume waliokuwa wanakwenda msikitini, mmoja na mtaimbo, mwingine na ngazi ya kukwea minazi. Walizing'oa bawaba za geti kwa dakika chache. Dakika chache tu, geti nililoliamini hivyo.

Mama alikuwa kwenye ukumbi, amelala kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni. Alikuwa hai. Kanga ilikuwa imelowa, na upande wake wa kulia haukuwa wake tena. Jicho moja lilinitazama. Alijaribu kusema ikatoka sauti tu.

Hospitali daktari aliniuliza imeanza saa ngapi. Nikasema sijui. Aliandika, kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba kiharusi ni ugonjwa wa kuwahi, na kwamba angeletwa mapema tungekuwa tunazungumza mengine.

Hasira ilinipanda nikaona giza. Wanakuja kila siku saa nne! Na leo? Leo hawakusikia? Nikamgeukia mwenzangu pale kwenye benchi, viganja vyangu vimefungwa bandeji, nikamwuliza watu wake ni watu wa namna gani, wanabisha mara tatu na kujiendea.

Alinyoosha vidole vitatu. "Hodi ni tatu, bwana," alisema. "Ndivyo tulivyofunzwa vyuoni, kwenye Kurani, tungali wadogo. Ya tatu usipoitikiwa, mwenyewe hataki mgeni saa hiyo, na ni haki yake. Unarudi. Ukizidisha, umemkosea adabu." Kisha akauliza, "Kwani kwenu ni ngapi?"

Nilikuwa nahesabu siku zote zile, tatu tatu, na Mama ameshika kiti.

Tulirudi nyumbani baada ya wiki mbili, Mama akiwa wa kubebwa. Mjane alikuja siku ya kwanza na hakuacha kuja. Yeye ndiye anayemgeuza asipate vidonda, anayemwosha, anayemlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimsimulia habari za mtaa mzima, nani kaolewa, nani kaachwa. Mama anamsikiliza kwa uso wote. Neno hajatoa mpaka leo, na daktari hatuahidi.

Wiki ya tatu, nimeingia chumbani, nikamkuta mjane ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa Mama uko mapajani mwake, analia.

"Mwanangu, kaa," aliniambia. "Nina kitu kimenikaa hapa kooni, hata swala hainipi raha. Siku ile nilisikia kishindo. Nilikuwa kisimani. Nikaacha ndoo, nikaja getini, nikabisha. Ya kwanza kimya. Ya pili nikasikia kama mtu anaguna. Ya tatu nikasikia tena. Nikasema, mwenyewe yumo, anatusikia, ila hataki kutuona. Siku zote yumo na hataki kutuona. Nani ajuaye, pengine sisi wa hapa hatumfai. Nikaleta sahani yenu, nikaiweka getini, nikarudi zangu. Wallahi nilirudi, mwanangu, naye yuko chini pale ananiita." Akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Sikumjua. Nilimdhania ana kiburi. Nisamehe. Nawaombeni mnisamehe, wewe na mwenzangu huyu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi ilikuwa moja tu, fupi: mimi ndiye niliyemkataza kuitika. Alitaka kukuitikia kila siku, akaniomba, nikamfokea. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikafikiria mjane akiyasikia, akisimama, akitoka, na mimi kubaki na Mama peke yetu, bila wa kumgeuza wala wa kumlisha. Na nikafikiria pia uso wangu mtaani. Nisijifanye sikuufikiria.

"Yamekwisha, mama," nikamwambia. "Tumekusamehe."

Akanishukuru. Akanishika mkono wenye makovu akaubusu, akaniombea dua ndefu. Juu ya mto, Mama alikuwa amenigeuzia lile jicho lake moja, na nilikaa hapo mpaka dua ilipokwisha, nikasema amina.