Mpunga wa Katikati

Jana nilifuta duara lilelile mpaka karatasi ikatoboka. Hujui ninavyoteseka, rafiki yangu, mstari ukipinda hata kidogo. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo hesabu ninajifundisha mwenyewe kwa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, na ukurasa wa jana ulitaka maduara mawili yaliyopandana. Vitu vilivyomo humu na mule pia, kinasema, viwekwe pale katikati. Nilipolipata duara la pili bila kasoro, nikaanza kulia. Nilikuwa nimechora uwanja wetu wa Kasongo.

Nyumba za bibi zangu zilitazamana. Bibi mzaa mama alikuwa Mwislamu, bibi mzaa baba Mkristo. Baada ya mavuno kila mmoja alianika mpunga wake kwa duara, juu ya udongo uliopigwa ukawa mgumu, na Mama aliusukuma huu na ule kwa ufagio mpaka kingo zikapandana. Mpunga wa pale katikati ulikuwa wa wote wawili. Hakuna aliyeugusa peke yake. Waliutwanga pamoja, ukapikwa Idi na Noeli, kwa sombe, majani ya muhogo yenye mafuta mengi ya mawese, nasi watoto tukigombania ukoko.

“Mukwe, kuku yako iko mu mpunga wangu!” bibi Mwislamu alipiga kelele.

“Iache ikule! Weye si unafunga?”

Walicheka mpaka wakakaa chini.

Kisha Mama akafariki, Baba akiwa mbali kwenye kazi ya barabara ya Wazungu, upande wa Wamaza, mwendo wa siku kadhaa. Bibi mzaa baba alisihi mwanawe angojwe, na padri aitwe. Wajomba walimzika siku ileile, kwa desturi yao. Baba alipofika, vumbi la njia likiwa bado miguuni, alionyeshwa kaburi.

“Umemunyima mutoto wangu uso wa muke wake,” bibi mzaa baba alisema.

“Maiti haingojeshwi, mukwe. Alikuwa binti yangu mbele ya kuwa muke wa mutu.”

Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyosikia mmoja akimwita mwenzake mukwe.

Mavuno yaliyofuata wakaanika tena, kila mmoja mlangoni kwake. Nikachukua ufagio wa Mama, nikausukuma mpunga huu na ule mpaka ukakutana. Wakatoka. Kila mmoja akarudisha wake, kwa uangalifu, hata punje zilizojificha kwenye nyufa. Kati yao pakabaki udongo mtupu. Nikadhani sikufagia vizuri. Kesho yake nikafagia tena, polepole, kingo zikawa mviringo kabisa kama alivyozifanya Mama. Wakarudisha tena. Labda ndipo ulipoanza ugonjwa wangu huu wa kufuta na kuchora upya.

Bibi zangu wote wamekufa sasa, mmoja kwenye makaburi ya misheni, mwingine karibu na Mama. Uwanja umeota nyasi, wala sijapata kula tena wali unaonukia vile.

Ukurasa unaofuata una maduara mawili yasiyogusana. Kitabu kinasema hapo katikati hamna kitu, niandike tupu. Kalamu imekataa. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na ufagio wa Mama mkononi.