Hyasinta na Kiini cha Kwanza

"Mama Bakili, hiyo mashine yenu umeme ukikatika inaamshwa na nani?"

Bi Mwanamkuu aliuliza hivyo asubuhi moja uani kwake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akigeuza vitumbua bila kuvitazama. Hyasinta, mpangaji wake wa chumba cha nyuma, ambaye wengi walimwita kwa jina la mwanawe, alikuwa anangoja vya kumwekea Bakili. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Ilikuwa Kwaresima ya mwaka themanini na nne.

Akamweleza bila haraka. Ndani ya kompyuta kuna programu moja inayoamka kabla ya nyingine zote, inaitwa kiini. Kikishasimama chenyewe, ndipo kinaziamsha zilizobaki. Umeme ukirudi, mashine huuliza iamke kwa kiini kipi, na Hyasinta huandika jina la kiini hicho.

"Kumbe ni mwadhini," alisema Bi Mwanamkuu. "Na mwadhini akiumwa?"

"Yupo mwingine, Bi Mkubwa."

"Hapo sawa. Maana nyie watu wa Posta kwa kutupa vya zamani, hamjambo."

Hyasinta alitoka Masasi akiwa mke wa mtu, akabaki Dar es Salaam akiwa mjane. Alipiga chapa katika ofisi moja karibu na Posta iliyogawa dawa kwa hospitali za mikoani. Kompyuta ilipoletwa kwa msaada, yeye na Melkiori walipelekwa kusomea. Melkiori alitengeneza viini. Hyasinta ndiye aliyekaa na mashine kutwa. Kila kifaa kipya kilipofungwa, kiini kipya kilitakiwa ili kikitambue, na cha zamani kiliachwa pembeni kwa jina lake.

Kiini cha pili kiliwafundisha adabu. Kilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika, uliporudi hakikuinuka. Wakarudi kwa cha kwanza, cha pili wakakifuta, na tangu hapo wakakubaliana kwamba kiini kipya hakiaminiki mpaka kikatikiwe umeme kikaamka. Melkiori alipenda kusema kwamba mtihani huo, katika mji huu, haukuhitaji kuandaliwa.

Basi ikaletwa mashine ya mikanda ya kuhifadhia kazi, kikatengenezwa kiini cha tatu. Kwa maajabu, umeme ukatulia wiki baada ya wiki. Kilifanya kazi vizuri, lakini mtihani wake kilikuwa hakijaufanya.

Wakati huo habari za kusini hazikuwa nzuri. Zahanati zilikuwa zimeishiwa klorokwini, dawa ya malaria, na mama yake Hyasinta alikuwa amelala na homa huko Masasi. Malori yalitakiwa yaondoke Jumamosi, kabla mto Rufiji haujafurika ukafunga njia. Mgao wa kila hospitali ulitoka kwenye mashine ile, na diski yake ilikuwa imejaa pomoni, orodha za kusini hazina pa kukaa. Melkiori alikuwa Moshi akimzika baba yake. Alipiga simu, akamwambia Hyasinta afute kile kiini cha kwanza apate nafasi. Cha tatu kimeshatulia.

Hyasinta hakubishana na mfiwa. Aliweka simu chini, akaketi mbele ya mashine, akafanya ishara ya msalaba. Nafasi aliitafuta kwingine. Alifuta barua za miaka iliyopita, na zilipokuwa hazitoshi akafuta mchezo wa sataranji ambao Melkiori aliucheza saa za chakula. Orodha za kusini zikaenea. Kiini cha kwanza akakiacha mahali pake.

Alhamisi mvua ilinyesha, bonde la Jangwani likawa ziwa, na umeme ukakatika. Ulirudi kwa kishindo, taa zikawaka mpaka zikataka kupasuka, mashine ya mikanda ikatoa moshi, ikafa. Hyasinta akaandika jina la kiini cha tatu. Kilianza, kikaitafuta mashine ya mikanda, hakikuiona, kikaganda hapohapo. Akarudia. Kikaganda palepale.

Ndugu Eliasi, mkuu wa ofisi, alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kwa upole kama waanze kugawa kwa mkono. Wote wawili walijua maana yake: wiki mbili, na Rufiji haungojei mtu.

"Nipe dakika moja, Ndugu," alisema Hyasinta.

Akaandika jina la kiini cha kwanza. Hicho hakikuwahi kuijua mashine ya mikanda, kwa hiyo hakikuitafuta. Kilipita, kikasimama, kikaanza kuziamsha nyingine moja baada ya moja. Orodha za kusini zilipotokea kwenye kioo, Hyasinta aligundua kwamba alikuwa ameshika rozari mkono wa kushoto muda wote ule. Mashine ya kuchapa ikaanza kupiga kelele, na hajapata kusikia kelele tamu kama zile.

Melkiori alirudi kesho yake. Akasikiliza habari yote, akakaa kitini kama mtu aliyetuliwa mzigo, akamshukuru. Halafu akafungua mashine.

"Dada, sataranji yangu iko wapi?"

"Imeshapakiwa, kaka. Inaenda kusini, imekuwa klorokwini."

Melkiori akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi malori yalipokuwa yanafungwa maturubai, Ndugu Eliasi alimwita Hyasinta mbele ya madereva, akamuuliza ofisi imfanyie nini.

"Naomba nafasi kidogo kwenye lori la Masasi," alisema. "Huko sabuni imeadimika, nami nina vipande viwili vya mama yangu."