Uzi Juu ya Ufa

Malewa yakichemka, nyumba nzima hunuka moshi. Ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa juu ya moto, na binamu yangu Nambozo hunitumia kila mwaka kutoka milima ya Mbale. Nikifungua mfuko hapa Walukuba, mjini Jinja, namwona tena akipanda mlima nyuma ya Kukhu, bibi yetu, na wivu wa utotoni unanirudia. Msinicheke.

Likizo nilipelekwa kwa Kukhu. Mvua kubwa na upepo vikipita, alichukua fimbo yake ndefu, akamwita Nambozo, wakaenda kuukagua mlima kabla ya chai. Mimi niliachwa jikoni na kuku.

Nilijua walichofanya, maana Nambozo hakuchoka kujigamba. Walidunga fimbo ardhini waone inazama kiasi gani. Walitazama kama mikaratusi imeinama, kama kijito kimegeuka tope. Juu ya migomba palikuwa na ufa. Shuleni tuliambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ule hakuna aliyeuweza. Kukhu alipigilia vijiti viwili, kimoja kila upande, akafunga uzi wa mgomba katikati. Uzi ukikaza, mlima umesogea, watu wahame. Aliyeruhusiwa kuugusa ni Nambozo peke yake. Nilimchukia kwa uzi ule.

Asubuhi moja niliwahi kuvaa viatu, nikasimama mlangoni. Tulikuwa rika moja, na mimi ndiye mrefu. Wao walizungumza Kigisu chao. Mimi Kukhu alinisemesha Kiswahili cha sokoni.

"Wewe bakia. Mama yako iko Jinja."

"Na Nambozo?"

"Nambozo ni ya hapa."

Wakaenda. Nililia mpaka malewa yakashika chungu, na wala sikujali.

Nilikuwa tayari na mtoto wangu mgongoni nilipomsimulia mama, nikidhani atacheka. Akashangaa kwamba sikuwahi kuambiwa. Mdogo wake, mama yake Nambozo, alifukiwa mlima ulipoporomoka, Nambozo akiwa bado ananyonya. Hawakumpata. Yuko chini ya ile migomba mpaka leo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kurudishwa. Nambozo hakuwa na pa kurudi, ikabidi afundishwe kuishi na mlima uliomla mama yake.

Mama yako iko Jinja, aliniambia Kukhu, nami nikadhani nimenyimwa kitu.